Gogo Moja Linatosha: Jinsi ya Kupiga Picha za Makro Msituni

Ukitaka kurudi na picha nzuri za vitu vidogo msituni, tembea kidogo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeomba tufuatane, na huwashangaza wengi, maana wamevaa viatu vya safari wakidhani tutauzunguka msitu mzima. Mimi nikishaingia chini ya miti natafuta gogo lililooza: lenye unyevu, lililolala hapo muda mrefu hata gome limeanza kubanduka lenyewe. Nikilipata, nimefika. Saa mbili zitaisha hapo bila mimi kusogea zaidi ya urefu wa gogo hilo.

Sababu ni hii. Macho ya mtu anayetembea hushughulika na njia. Huona mti, jiwe, shimo la kukwepa. Kitu chenye urefu wa milimita tatu hakimo katika hesabu yake. Mtu huyohuyo akichuchumaa na kutulia, mwanzoni ataona kahawia na kijani tu, na atahisi anapoteza muda. Avumilie. Baada ya dakika kadhaa kitu kimoja kitasogea, kisha atagundua kwamba kile alichodhani ni uchafu kina miguu, na kuanzia hapo gogo lote linakuwa jingine machoni pake.

Kilichopo kwenye gogo

Anza na visivyokimbia. Upande wa gogo usiopigwa na jua utakuta ile mimea midogo laini ya kijani, isiyo na maua, iliyosongamana juu ya gome. Itazame kutoka ubavuni, macho yakiwa usawa wa gogo, wala si kutoka juu. Msimu ukiruhusu utaona imeinua vijiti vyembamba vyenye vikopo nchani. Ndani ya vikopo hivyo mna mbegu-vumbi, na katika aina nyingi mdomo wa kikopo umezungukwa na meno madogo yanayojikunja na kujikunjua kufuata unyevu wa hewa. Kijiti kimoja kilichobeba tone la maji, na nyuma yake kijani kilichofifia, ndiyo picha ya kwanza ninayompa anayeanza. Kijiti hakiruki, nacho kitakusubiri hadi ujifunze.

Uyoga nao ni mwalimu mzuri. Wengi huupiga wakiwa wamesimama, wakapata duara la kahawia lisilosema kitu. Uzuri wa uyoga mwingi uko chini ya kofia, penye ile mistari myembamba iliyopangika kutoka kwenye mguu hadi ukingoni. Lala kabisa, kamera iguse ardhi, lenzi itazame juu kidogo. Ikiwa kofia ni nyembamba na jua liko upande wa pili, nuru itapenya ndani yake na mistari yote itajichora bila wewe kufanya lolote zaidi.

Karibu na uyoga tafuta vishada vya vifuko vidogo mno, vingi havizidi milimita mbili kwa kimo, vya rangi ya machungwa, waridi, manjano au vyeusi vinavyometameta. Hivi si uyoga, ingawa ni rahisi kudhani hivyo. Ni viumbe wa kundi lao wenyewe, Myxomycetes, ambao kwa sehemu ya maisha yao hutambaa polepole juu ya mti uliooza wakila bakteria, kisha hutulia na kugeuka vifuko vya mbegu-vumbi. Kifuko laini cheupe ulichokiona jioni kinaweza kuwa kimebadilika rangi na kukauka asubuhi. Ukikikuta, kipige hapo hapo. Kesho hakitakuwa kilekile.

Halafu wale wenye miguu. Chini ya gome lililobanduka na kwenye majani yaliyooza kuna viumbe wenye miguu sita waitwao Kolembola, wengi wao hawafiki milimita sita, na walio wengi zaidi ni wa milimita moja au mbili tu. Chini ya tumbo wana kijiti chenye panda kilichokunjwa. Wakishtuka hukifyatua na kujirusha mbali. Wakikuzwa wanaonekana wa zambarau, wa madoadoa, wenye manyoya, na wana sura ya upole inayonifanya niwarudie kila mara. Lakini kwa uaminifu, si wa kuanzia. Kwanza zoea uyoga.

Ninayempenda kuliko wote ni buibui mrukaji. Hategi utando wa kunasia. Huwinda kwa kunyemelea, na kwa hiyo anaona vizuri sana. Ana macho manane, manne yakiwa yamepangwa mbele, na mawili ya katikati ni makubwa na meusi. Ukisogea, anageuka kukutazama. Hakuna kiumbe mwingine wa ukubwa huo anayekupa picha ya uso kwa hiari yake. Mtafute kwenye magome yenye joto la jua la asubuhi, kwenye nguzo za uzio, na juu ya majani mapana yaliyo usawa wa kiuno.

Usisahau kangaga zilizo kando ya gogo. Geuza jani lake taratibu bila kulikata: upande wa chini wa majani mengi una safu za vidoto vya kahawia, navyo ni mafungu ya vifuko vya mbegu-vumbi. Magome pia yana yale madoa makavu ya kijivu na manjano, ambayo kila moja ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Ukiyakuza utaona vikombe, kingo zilizokunjamana na nyufa. Ni mahali pazuri pa kujifunza fokasi, yaani kulenga lenzi hadi kitu kitoke wazi, siku yenye upepo, kwa kuwa gome halitikisiki.

Kuhusu kuinua gogo au gome ili kuona chini yake: vuta ukingo wa mbali uje upande wako, ili gogo libaki kati yako na chochote kitakachotoka, kwa maana nyoka na tandu hupenda mahali hapo kama wengine wote. Usilibingirishe, na usilivunje. Piga kwa dakika chache, kisha lirudishe jinsi lilivyokuwa, taratibu, ukiwa umehakikisha hakuna aliye chini ya uzito wake. Wanaoishi hapo wanategemea giza na unyevu huo. Jua la muda wa saa moja linaweza kuwakausha. Simng'oi uyoga wala simbandui kiumbe mahali pake kwa ajili ya picha, na sikubaliani kabisa na wale wanaowatia wadudu kwenye jokofu ili watulie. Asubuhi na mapema wadudu wamepoa wenyewe, maana joto la mwili wao hufuata joto la hewa, na mwendo wao ni wa pole. Amka mapema.

Milimita moja ya kazi

Lenzi ya makro halisi humchora kiumbe kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake mwenyewe. Huo ndio uwiano wa 1:1. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kwa hiyo mdudu mwenye urefu wa milimita 36 ataijaza kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo shida si tena kumfanya aonekane mkubwa. Shida ni kwamba sehemu inayotoka wazi ni nyembamba mno. Kwa 1:1 na apacha (tundu la lenzi linalopitisha nuru; namba ya f ikikua, tundu hupungua) ya f/2.8, unene wake ni kama theluthi moja ya milimita. Ukiibana apacha hadi f/11, unapata milimita moja na kidogo. Kichwa cha panzi hakienei humo.

Mtu husema, basi nibane hadi f/32. Hapana. Tundu likiwa dogo mno, nuru inapopita pembeni mwake hutawanyika, na picha nzima hupoteza ukali, hata pale penye fokasi. Tena kwenye makro tundu hufanya kazi kana kwamba ni dogo kuliko namba unayoisoma: kwa 1:1, f/8 hupitisha nuru kwa kiwango cha f/16. Mimi hukaa kati ya f/8 na f/11 kwa wadudu, na huwa sizidi f/16 hata kwa mdudu mnene.

Kwa hiyo badala ya kupigania unene, jifunze kuuweka mahali pake. Eneo la fokasi ni bapa, kama kipande cha kioo kilichosimama mbele ya lenzi sambamba na sensa. Kila kilichoguswa na kioo hicho kitakuwa wazi, kilicho mbele na nyuma kitafifia. Kabla sijabonyeza najiuliza swali moja: kioo kipite wapi kwenye mwili huu? Kipepeo aliyefunga mabawa ni bapa naye. Ukisimama ubavuni mwake kabisa, bawa lote litatoka, kila gamba. Ukipinda nyuzi chache tu, nusu ya bawa imekwenda. Jongoo aliyenyooka mpige ubavuni. Akijiviringa mpige kutoka juu, duara lake lilale ndani ya kioo. Sisimizi anayekujia uso kwa uso huwezi kumpata wote, basi chagua macho na taya, umwache mgongo ufifie. Ukiwa na kiumbe mwenye macho, macho ndiyo ya kwanza. Mguu ukififia mtazamaji husamehe. Jicho likififia, hasamehi.

Namna ya kuweka fokasi inafuata hapo. Zima fokasi ya kujiendesha, kwa kuwa kwa ukaribu huo lenzi nyingi huanza kwenda mbele na nyuma zikitafuta, na kiumbe anaondoka. Zungusha pete ya lenzi kwanza ili uamue ukubwa unaoutaka, kisha usiiguse tena. Sasa isogeze kamera nzima, au kiwiliwili chako, mbele na nyuma kwa kiduchu, ukitazama kwenye skrini au kidirisha mpaka jicho la mdudu liwe wazi, ubonyeze papo hapo. Piga fremu tatu hadi tano mfululizo, maana mwili hauachi kuyumba na moja kati ya hizo itaangukia mahali pake. Kama kamera yako ina uwezo wa kupaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi, uwashe. Husaidia sana kwenye mwanga hafifu.

Vifaa

Sitakaa sana hapa. Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 ndiyo inayofaa kazi nyingi za msituni: kwa 1:1 inakuacha na nafasi ya takriban sentimita 13 hadi 15 kati ya kioo cha mbele na kiumbe, inayotosha kutomtisha na kuruhusu nuru ipite. Lenzi ya milimita 60 ni nyepesi, lakini itakusogeza chini ya sentimita 10, na kivuli chako kitaingia kwenye picha. Za milimita 150 na kuendelea ni nzuri kwa vipepeo na kereng'ende, ila ni nzito kwa mkono.

Huna lenzi ya makro? Mabomba ya kurefushia, yaani pete tupu zisizo na kioo zinazokaa kati ya kamera na lenzi, yatakusogeza karibu bila kuharibu ubora wa lenzi uliyo nayo. Bomba la milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 hukupa nusu ya ukubwa halisi. Njia nyingine ni kuigeuza lenzi nyuma mbele kwa pete maalumu: ya milimita 50 ikigeuzwa hukaribia 1:1, na ya milimita 28 hufika mara mbili au zaidi. Kwa kazi hii lenzi ya zamani yenye pete ya apacha ni bora kuliko mpya, kwa sababu ukiigeuza, kamera haiwezi tena kuiamuru.

Na simu? Ichukue kwa uzito. Sensa yake ndogo hukupa unene mkubwa zaidi wa fokasi, na umbo lake huingia chini ya uyoga ambako kamera haifiki. Nyingi zina uwezo wa makro kupitia lenzi pana, zikilenga kutoka sentimita mbili au tatu. Nyingine zinasaidika kwa kilenzi cha kubana. Kasoro yake ni kivuli: simu ikiwa karibu hivyo inaziba nuru yenyewe. Geuka ili nuru itoke ubavuni.

Nuru ndiyo picha

Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya lenzi bora na nuru laini, ningechukua nuru laini bila kusita. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyeishi kati ya 1865 na 1932, alikuza machipukizi na mashina ya mimea kwa kamera alizojitengenezea mwenyewe, akitumia nuru tulivu ya mchana na mandharinyuma yasiyo na fujo. Picha zake bado zinasimama, wakati mamilioni ya picha zilizopigwa kwa vifaa vya kisasa chini ya jua kali hazitazamiki.

Msituni nuru ina tabia zake. Jua likipenya matawini huanguka kwa madoa: hapa pamewaka, sentimita moja pembeni ni giza. Jicho lako linayavumilia, kamera haivumilii. Mawingu membamba ndiyo hali ya hewa ninayoiombea. Jua likiwaka, tengeneza kivuli chako mwenyewe kwa mwili, kofia, au mwavuli mweupe unaopitisha nuru, kisha rudisha nuru kidogo kutoka upande wa pili kwa kipande cha karatasi nyeupe au karatasi ya fedha iliyokunjwakunjwa. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha, kwa kuwa ulimwengu unaoumulika nao ni wa ukubwa wa ukucha.

Nuru iliyopita kwenye majani hubeba kijani. Uyoga mweupe utatoka umepauka kwa rangi hiyo ukiiachia kamera ijiamulie. Piga fremu moja ukiwa umeweka kadi ya kijivu kando ya kiumbe, nawe hifadhi picha kama faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata, ili baadaye urekebishe zote kwa kipimo kimoja. Majani na magome yaliyoloa yakimetameta kupita kiasi, kichujio cha kukata mng'ao kinasaidia sana, lakini kinakula nuru karibu nusu au robo tatu. Kitumie ukiwa na tripodi.

Kwa viumbe wanaosogea, ninatumia flashi, hata mchana. Watu wengi huichukia kwa sababu wameiona ikitumika vibaya: doa jeupe linalochoma juu ya mgongo wa mbawakawa na nyuma yake giza totoro. Yote mawili yana dawa. Doa hutokea kwa sababu chanzo cha nuru ni kidogo. Kadiri chanzo kinavyokuwa kikubwa ukilinganisha na kiumbe, ndivyo nuru inavyozidi kuwa laini, kwa hiyo weka mbele ya flashi kipande kipana cha plastiki nyeupe, karatasi ya kuchorea au sponji jembamba jeupe la kufungashia vyombo, kikunje kama paa juu ya lenzi, na ukisogeze karibu kabisa na mdudu, sentimita chache tu. Kifaa hiki kitengeneze mwenyewe na ukijaribu kwenye kijiko kinachong'aa: doa unaloliona kwenye kijiko ndilo litakaloonekana kwenye jicho la buibui. Rekebisha hadi liwe pana na la upole.

Giza la nyuma linatokana na nuru kudhoofika haraka kwa umbali: kitu kilicho mbali mara mbili hupata robo tu ya nuru. Mdudu yuko sentimita tano kutoka kwenye plastiki yako, mti wa nyuma uko mita moja, hauambulii kitu. Tafuta pembe ambayo jani au gome liko karibu nyuma ya kiumbe, au chomeka jani lililoanguka sentimita kumi nyuma yake. La sivyo pandisha ISO (wepesi wa kamera kuipokea nuru) na upunguze kasi ya shata (pazia linalofunguka kuruhusu nuru ifike kwenye sensa) ili nuru ya msitu yenyewe nayo iingie. Ninapoanza na flashi huweka f/11, shata 1/200 ya sekunde, ISO 200 hadi 400, na flashi kwenye nguvu kati ya 1/8 na 1/32. Ikiwa kwenye nguvu ndogo hivyo, mwako wake hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na huo ndio unaomgandisha mdudu, wala si shata.

Nikitumia nuru ya asili mkononi, sishuki chini ya 1/160, na ISO ikipanda hadi 1600 ninaiacha ipande. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa zinaweza kupunguzwa baadaye. Picha iliyotikisika haina tiba.

Umande unahitaji maneno mawili. Matone mengine unayoyaona asubuhi kwenye ncha za majani si umande: mmea wenyewe umeyasukuma nje usiku kupitia kingo za jani, ndiyo maana yamepangika kwa mstari. Tone lolote la duara hufanya kazi ya lenzi na kupindua kilicho nyuma yake. Ukiwa na ua dogo sentimita chache nyuma ya tone, ua hilo litaonekana ndani yake kichwa chini, na ili liwe wazi lazima fokasi iwe kwenye taswira hiyo, ambayo iko mbele kidogo ya ukingo wa tone. Utando wa buibui wenye umande upige sambamba kabisa, kioo chetu kilekile, na jua likiwa nyuma yake.

Kutulia na kukaribia

Upepo ndio adui. Kwa ukuzaji huu, hewa ambayo shavu lako haliihisi inalitikisa jani nje ya fremu. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza mara nyingi ndiyo tulivu zaidi. Jani likicheza, lishike shina lake kwa vidole vya mkono wa kushoto, kisha egemeza lenzi juu ya mkono huohuo. Sasa jani na kamera vinayumba pamoja, na umbali kati yao haubadiliki. Mbinu hii imenifaa kuliko tripodi yoyote, na ndiyo ningemfundisha mtu kama ningekuwa na nafasi ya kumfundisha moja tu.

Viwiko viwe juu ya goti au ardhini. Pumua nje, tulia, bonyeza. Usitegemee sana kidhibiti mtikisiko cha lenzi. Hakizuii kuyumba mbele na nyuma, na huko ndiko kunakopoteza fokasi. Tripodi ina kazi yake kwa uyoga na vifuko kwenye kivuli: ISO 100, shata ya sekunde nzima ukihitaji, na kihesabu cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera. Chini kabisa penye majani, mfuko mdogo wa mchanga hukaa vizuri kuliko miguu mitatu.

Kumkaribia mdudu ni suala la kasi na kivuli. Angalia jua liko wapi kabla hujasogea, usimpitishie kivuli. Songa mbele mfululizo kwa mwendo mmoja wa polepole. Mkono unaoinuliwa ghafla kando ndio humwondoa. Piga fremu ya mbali kwanza, sogea, piga tena, sogea. Akiruka, umebaki na kitu. Usimpumulie, hasa sisimizi: pumzi ya moto ikiwafikia hutawanyika. Palipo na sisimizi wanaopanda na kushuka shina moja, fuata macho hadi juu, mara nyingi utakuta vidukari wanaowapa utomvu mtamu, nao sisimizi wakiwalinda. Hapo wanatulia mahali pamoja kwa muda, na unaweza kupanga picha.

Vaa suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, kwa ajili ya kupe, na mwambie mtu uko wapi. Ukiwa umelala kifudifudi, jicho kwenye kamera, husikii wala huoni kinachokuja. Kila dakika chache inua kichwa utazame pande zote.

Kuunganisha fremu

Kwa kitu kisichosogea, milimita moja si lazima iwe mwisho. Piga fremu nyingi, kila moja ikiwa na fokasi mbele kidogo ya iliyotangulia, kisha programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker huchukua sehemu iliyo wazi katika kila moja na kutoa picha moja. Tumia f/5.6, ambapo lenzi iko kwenye ubora wake, na hatua kati ya fremu na fremu iwe fupi kuliko unene wa fokasi, ili zipishane kidogo; pengo likiachwa litaonekana kama mstari wa ukungu katikati ya kofia ya uyoga. Anza kabla ya sehemu ya mbele kabisa na umalize nyuma zaidi ya unapodhani panatosha. Mkononi, kwa buibui aliyetulia, fremu tano hadi kumi za mfululizo huku ukijisogeza mbele taratibu zinaweza kutosha kwa uso wake. Naipenda mbinu hii kwa vile vifuko vya milimita mbili. Kwa kipepeo siihitaji: kufifia kwa nyuma ndiko kunakomfanya asimame peke yake.

Ukirudi

Jikague kupe kabla ya kukagua picha. Kamera ikiwa imetoka kwenye baridi, iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la ndani ya nyumba, unyevu usije ukatuama kwenye vioo. Kisha kuza kila fremu hadi asilimia 100 utazame jicho, au ncha ya kijiti, au kile ulichokiamua kuwa ndicho. Palipofifia, futa, hata kama rangi zinapendeza.

Zilizobaki ziandikie maelezo siku hiyohiyo: alikuwa juu ya mmea gani, gogo la mti wa aina gani, juu au chini ya jani, ukubwa wake kwa milimita. Kama unataka kumjua ni nani, hakikisha ulipiga pembe zaidi ya moja. Uyoga hautambuliki vyema kwa kofia peke yake; watu watakuuliza mistari ya chini na tako la mguu wake. Buibui hutambuliwa kwanza kwa mpangilio wa macho, kwa hiyo fremu ya uso na nyingine ya mgongo. Panzi na kereng'ende, piga ubavu. Ukizipandisha kwenye iNaturalist, jukwaa lililoanza 2008 ambako wataalamu na wapenzi wa viumbe husaidiana kutambua, zipandishe pembe zote chini ya ingizo moja, pamoja na mahali na tarehe, na uweke ile fremu ya mbali uliyoipiga kabla ya kusogea: mara nyingi ndiyo inayoonyesha jani ambalo mtambuaji alihitaji kuliona.